Mji Usio na Kaburi

Kitanda cha Chiriku kilikuwa kimesogea.

Si sana, upana wa kiganja tu. Mama yake aligundua wakati wa kufagia, kwa sababu miguu ya kitanda ilikuwa imeacha alama nne safi kwenye vumbi la sakafu, na miguu yenyewe haikuwa juu ya alama zake tena, imekwenda mbele kidogo, upande wa ukuta wa uani. Akakirudisha kwa goti, Bonge, mdogo wake Chiriku, mgongoni, akaendelea na ufagio wake. Nyumba yenye watoto wawili nini hakisogei? Vijiko vinasogea, ndala ya kushoto inasogea, akili ya mama nayo ina siku inahama kabisa.

Kesho yake kimesogea tena, safari hii kiganja na vidole.

Walikuwa wageni katika nyumba ile. Mumewe alikuwa wa genge la njia, wale wanaokaza misumari ya reli na kubadilisha mataruma, yale magogo yanayolaliwa na reli, yakioza, na kazi ilipomleta huku walipewa chumba na sebule katika safu ya zamani ya wafanyakazi wa reli: kuta nene, madirisha ya juu, na kila mlango wa nje una kizingiti cha saruji kilichoinuka kama tofali lililosimama. Mama Chiriku alikwisha kung'oa kucha hapo.

"Aliyejenga hapa aliogopa mafuriko," alisema siku ile, ameshika kidole.

"Aliogopa mashemeji," alijibu mumewe. "Nitakivunja. Niletee tu patasi."

Patasi haikuonekana. Aliyekipenda kizingiti alikuwa Bonge peke yake, maana ndiyo kwanza anatambaa. Akifika pale anakipiga makofi, anakitukana kwa lugha yake, anageuka kurudi ndani. Nje ya mlango wa nyuma palikuwa na ua, na mwisho wa ua kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye vipande viwili vya reli vilivyosimikwa ardhini. Baada ya kamba, majani. Baada ya majani, tuta. Hapo ndipo ilipopita reli ya kwanza kabisa, kabla njia haijanyooshwa upande wa pili wa mji. Vyuma viling'olewa zamani, likabaki tuta tupu, refu, limeota majani kama mgongo wa mnyama aliyelala na ambaye hutaki aamke.

Jioni moja wanakula, Chiriku akaruka kwenye mkeka. Alikuwa hajaanza hata shule, lakini jina lake hakulipata bure, mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia baba na mama.

"Mji wangu una duka, una hospitali, una tanuri la mikate, una jela. Hauna kaburi hata moja. Mji gani?"

"Mji wa waganga hodari," alisema baba, mdomo umejaa.

"Siyo! Ni mji wa reli."

"Ahaa, wa reli! Sasa umeniingiza uwanja wangu, binti yangu."

Akanawa mikono kabisa, maana mchezo huo aliupenda kuliko mshahara. Kazini ndivyo walivyokuwa wakipoteza muda: mmoja anataja habari za mji katika historia ya reli, wengine wanabahatisha. Mji uliopata stesheni kabla ya kupata mtu wa kupanda treni. Mji uliokuwa ukiletewa maji kwa behewa la tangi. Mji ambao wakubwa wake walikataa reli isipite mashambani mwao, na mpaka leo treni inawapigia honi kwa mbali kama mtu anayemsalimia mdai wake. Akautaja mji wa karakana kuu. Siyo. Akautaja wa makutano. Siyo.

"Nisaidie kidogo."

"Treni haijawahi kupita mji wangu. Kila treni iliishia kwangu."

"Kwisha kazi! Ni bandarini, mwanzo wa reli."

"Siyo. Huko kuna makaburi." Chiriku alilamba kidole. "Na mwenyeji wa mji wangu akiugua, akipona, mji hauko."

Baba akacheka, akainua mikono. Mama ndiye aliyeuliza, "Nani kakufundisha hicho?"

"Yule wa ukutani."

"Wa ukutani yupi?"

"Wa kwenye ukuta wa kitanda. Anakuja mchana nikilala."

"Mwache mtoto," alisema baba. "Amenisikia mimi na wenzangu, sasa anatia chumvi. Angekuwa mvulana ningesema atakuwa fundi wa njia." "Na msichana kashindwa nini?" mkewe akamrukia, na mambo yakaishia kwenye kicheko, na hilo ndilo lililomuuma baadaye, kwamba yaliishia kwenye kicheko.

Wiki hiyo mvua ilikata njia mbali huko mbele, genge likapelekwa, akabaki Mama Chiriku na watoto wake na ukuta.

Watu wazima husema jua la utosi ni saa mbaya. Lakini mwenye mtoto anayenyonya saa nzuri anaitoa wapi? Mchana ndio wakati pekee aliokuwa anapumua, wawili wamelala, sufuria zimegeuzwa. Sasa mchana huo ndio ukaharibika. Kwanza ilikuja harufu: moshi wa makaa ya mawe, wakati treni zote siku hizi zinakunywa dizeli. Kisha turubai iliyolowa. Kisha jasho, jasho la wanaume wengi mahali padogo, na hakuna mwanamume hata mmoja. Akafungua madirisha, harufu ikawa inatoka ndani kwenda nje.

Halafu nyundo. Chuma juu ya chuma, mbali, ngaa, na nyingine ikiipokea, ngaa, na katikati yake mtu anakohoa kikohozi kirefu cha mgonjwa asiyepewa ruhusa ya kupumzika. Aliposimama kusikiliza vizuri kikohozi kikakatika, kama na chenyewe kinamsikiliza yeye.

Siku moja alitoka kuchota maji bombani, ndoo moja tu, aliporudi akakuta sakafu yake aliyoipiga deki asubuhi imejaa nyayo. Udongo mwekundu. Nyayo pana, peku, za watu wengi, zimeingia kwa mlango wa mbele, zikapita sebuleni, zikapita ubavuni mwa kitanda cha Chiriku, zikaishia ukutani. Zote zinakwenda. Alitafuta inayorudi, aliinama akatafuta kama mtu anayetafuta sindano, hakuna. Na juu ya kizingiti udongo ulikuwa umepakaa ovyo, kama kila mguu mmoja mmoja ulijikwaa pale.

Aliona hilo la kizingiti. Hakulitilia maanani. Nani angelitilia, na kitanda kiko upana wa kiganja kimoja tu kutoka ukutani?

Alikimbilia kwa jirani yake mshonaji, mwanamke mnene mcheshi ambaye safu nzima ilimwita Mama Cherehani.

"Labda panya," alisema Mama Chiriku, akijidanganya kwa sauti.

"Shoga, panya wa kusukuma kitanda chenye mtoto? Huyo si panya, huyo ni mume wa pili." Kisha alipoona uso wa mwenzake akaacha mzaha. "Chukua wanao, mlale kwangu."

Wakahamia. Mchana uliofuata Chiriku alilala kwenye mkeka chumbani kwa mshonaji, na walipomwangalia tena mkeka ulikuwa umesogea, upande uleule, upande wa tuta. Mama Cherehani alisimama mlangoni, sindano tatu mdomoni, akazitoa moja moja.

"Nakupenda kama mdogo wangu," alinong'ona, "lakini cherehani yangu nayo imesogea. Ngoja nikutafutie mtu."

Wakarudi kwao kumngoja, na mtu mwenyewe alijiita Mtaalamu. Alikuja na mkoba wa ngozi na miwani ya kusomea, akaulizia maji ya kunywa, akawasha ubani, akapiga chafya kwa moshi wake mwenyewe. Mama Chiriku karibu acheke. Kisha moshi ule, badala ya kupanda, ukalala, ukanyooka kama uzi uliovutwa, ukaenda moja kwa moja ukutani, ukaingia. Ukaingia ndani ya ukuta, wala pale hapakuwa na ufa.

Mtaalamu akavua miwani. Akazima chetezo, akaanza kufunga mkoba.

"Mbona hivyo, mzee? Hujaanza hata."

"Mama, mimi kazi yangu ni kufukuza wavamizi." Alizungumza chini chini, macho yako ukutani. "Huyu hakuvamia. Huyu amepewa. Sifukuzi mtu kwenye mahali alipopewa na mwenye mahali."

"Kapewa na nani? Nyumba si yangu, ni ya reli!"

"Waulize watu wako," alisema, akavuka kizingiti kwa uangalifu mkubwa, hakuonekana tena.

Watu wake. Watu wake walikuwa mmoja anayenyonya na mmoja anayechora jua kwa kipande cha mkaa sakafuni. Mama Chiriku akakaa chini kando yake.

"Chiriku, mwanangu. Yule wa ukutani ulimpa nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Chiriku alinyamaza.

"Sema tu. Sikupigi."

"Nilishindwa kutegua, mama. Ukishindwa si unampa mji?"

Mchezo huo nani hakuucheza utotoni? Ukishindwa kutegua, mwenye kitendawili anadai mji. Unampa, anajigamba alivyokwenda huko akapokewa kifalme, ndipo anatoa jibu. Ni maneno matupu. Kila mtoto amekwisha kugawa miji ya dunia nzima, na jua likizama kila mji uko palepale.

"Nikampa wa bandarini akakataa, akasema una wenyewe. Nikampa wa bibi akakataa. Nikampa yote ninayoijua, mama, hata ile ya kwenye redio. Akasema, nipe hapo ulipolala." Akauweka mkaa chini. "Nikasema haya, chukua."

"Na jibu? Akipewa mji si anatoa jibu?"

"Hajatoa. Anasema jibu lake haliambiwi, linaonwa. Atanionyesha tukifika tutani." Akashika mkaa wake tena. "Wengine walioshindwa wako kule. Wananipungia mkono."

"Hatufiki tutani. Kesho tunakwenda kwa bibi yako, mbali."

"Hata kwa bibi, mama," alisema Chiriku kwa upole, kana kwamba yeye ndiye mkubwa. "Mji unahama na watu wake."

Usingizi wa mchana ukapigwa marufuku. Lakini jaribu kumzuia mtoto mdogo asisinzie kwenye joto lile. Alimwimbia, alimmwagia maji, alimpa unga akande, na jua lilipofika utosini kichwa kilianguka tu kama embe bivu, na ukimweka sakafuni sakafu inamsogeza, ukimweka kitandani kitanda kinamsogeza. Akafunga mguu wa kitanda kwenye nondo ya dirisha kwa kamba nene, mafundo juu ya mafundo, kisha Bonge akajichafua, akaenda sebuleni kumbadilisha, ni kitambaa tu, ni kufuta na kufunga, na masikio yake yote yako chumbani, na alisikia nyundo zikikaribia, ngaa, ngaa, na sauti za wanaume wakiitana kuvuta kitu kizito kwa pamoja, na ubaridi wa udongo uliochimbwa sasa hivi ukampanda miguuni, akamwacha Bonge uchi akakimbia, na chumbani palikuwa na kamba sakafuni, mafundo yake yote mazima, na kitanda hakuna, mtoto hakuna, na mlango wa nyuma umefungwa kwa komeo kutoka ndani kama alivyoufunga yeye mwenyewe.

Kitanda kilikuwa uani, kimepita kamba ya nguo. Chiriku amelala juu yake, mkono chini ya shavu. Alipomnyanyua nywele zake zilinuka moshi wa makaa.

Kitanda alikiacha palepale, hakuthubutu kukigusa. Kesho yake alimbana mtoto kifuani chumbani na mlango umefungwa, na bado usingizi wa kichawi ukawachukua wote wawili, na alipozinduka mikono yake ilikuwa imekumbatia hewa, na Chiriku yuko juu ya kitanda kile, katikati ya majani. Bado majani kidogo, kisha tuta.

Ndipo mumewe akapiga simu. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, sauti inakuja na kuondoka.

"Rudi," alimwambia. "Rudi leo. Au niambie ulipo nikuletee watoto. Panaitwaje hapo?"

"Hapaitwi, mke wangu. Ni pale tu reli ilipotufikisha. Na ukija kesho hutukuti, kambi inasogea mbele na kazi. Jana jiko lilikuwa kule, leo liko hapa. Mpishi wetu aliugua homa, tumemwacha stesheni ya nyuma, akipona atatutafuta mwenyewe. Kuna nini, mbona unahema?"

Alikuwa amesimama katikati ya sebule, simu imemganda sikioni. Akipona, mji hauko.

"Zamani," alisema polepole, "walipoijenga reli hii mara ya kwanza. Walikuwa wanalala wapi?"

"Swali gani hilo? Kambini, kama sisi. Ila ile ilikuwa kambi kubwa, mji mzima wa mahema. Wazee kazini wanasimulia, ilikuwa na duka, na hospitali, mpaka jela, vyote vya turubai. Ilikaa pale reli ilipokomea. Treni inaleta vyuma mpaka hapo, inarudi. Reli ikisonga mbele, wanaukunja mji wanausogeza."

"Na wakifa?"

"Waliokufa?" Sauti ilikatika, ikarudi. "Unamzika alipoangukia, unaendelea. Nani anahama na kaburi?"

Simu ikafa. Mama Chiriku akabaki na jibu mdomoni kama kaa la moto, na hofu mpya juu yake: kwamba kulikuwa na kitu kilichozoea kuufuata mji huo, kikila wagonjwa wake na waliochoka, na siku reli ilipokwisha mji ukakunjwa mara ya mwisho, watu wakaenda zao, nacho kikabaki tutani, njaa tele, pa kwenda hakuna. Mpaka alipotokea mtoto mwenye mkono mwepesi wa kutoa.

Siku iliyofuata hakungoja kuchukuliwa. Jua likipanda, alimfunga Bonge mgongoni, akamshika Chiriku mkono, wakapita kamba ya nguo, wakapita majani, wakakaa wote watatu juu ya kitanda, chini kabisa ya tuta.

Harufu ilikuja mara moja. Turubai zikaanza kupigwa na upepo, papa, papa, na majani yametulia, na hakuna turubai. Nyundo zikawa kushoto, zikawa kulia, zikawa chini ya kitanda chenyewe, na kitanda kikaondoka chini, taratibu, kama behewa linalong'olewa na kichwa cha treni, akahisi miguu yake iking'oka kwenye majani, na Bonge mgongoni akaacha kunyonya kidole, na Chiriku akaanza kutabasamu kwa mtu asiyeonekana na kuinua mkono wa kupunga, na mama akaukamata mkono ule akaubana mapajani, akiomba kila dua aliyowahi kufundishwa na nyingine za kubuni palepale, mpaka sauti ikaja, sauti ya watu wengi waliokubaliana kutumia koo moja.

"Kitendawili."

Midomo ya Chiriku ilifunguka. Mama akaiziba kwa kiganja.

"Tega!" alisema yeye.

Sauti ikasema, "Si wewe."

"Mimi ndiye mama yake. Kitendawili chake changu. Na mji umepokea, jibu hujatoa, kwa hiyo bado kiko wazi. Tega!"

"Mji wangu," ilianza, taratibu, "una duka, una hospitali, una..."

"Kambi!" Alipiga kelele, machozi yanamtoka. "Kambi ya mahema ya wajenzi wa reli! Ilikuwa ikihama na reli, makaburi ikayaacha nyuma! Kila treni iliishia hapo kwa sababu reli iliishia hapo! Siyo? Siyo?"

Nyundo zikakoma zote kwa mpigo. Kitanda kikasimama.

"Umetegua," ilisema sauti. "Lakini mji nilishapewa. Kilichopewa hakirudi."

Hapo alikuwa amekwisha kufika kwa mawazo, usiku mzima akijigeuza. "Mwenye kutegua hushika zamu," alisema. "Kitendawili!"

Aliisikia sauti ikijizuia, kama mtu anayejizuia kupiga chafya. Lakini kitu kilichoishi kwa mchezo hakiwezi kuuacha mchezo.

"Tega."

"Kila anayetoka hunivuka, kila anayerudi hunivuka, nami sijasogea hata unywele."

"Reli."

"Reli mliipeleka mbele kila siku. Siyo."

"Mto."

"Mto uliona wapi umesimama? Siyo."

"Taruma," ilisema, na sauti ilikuwa imekaribia, ubaridi wake uko shingoni kwa Bonge. "Taruma, taruma, taruma."

"Mlivuka mataruma mkienda. Nani kati yenu aliyerudi?"

Kitu kikalia. Hakikulia kama mtu, kililia kama turubai inayochanwa. Kwenye tuta majani yaliinama yote upande mmoja.

"Kaburi," ilisema mwishowe.

"Siyo. Umeshindwa. Nipe mji!"

"Sina."

"Unao mmoja. Nipe huohuo."

Hewa ilikuwa nzito hata Chiriku alianza kulia, kilio chake cha kweli, cha mtoto aliyeamka na njaa, na kilio hicho kikampa mama yake nguvu kuliko dua zote.

"Nipe mji!"

"Nakupa," ilisema.

Kitanda kilianguka kutoka juu kwa kishindo, na mbao mbili zikavunjika. Yeye mwenyewe hakujua kwamba kilikuwa juu kiasi kile. Aliwakumbatia wanawe, akasimama kukimbia, na ile sauti, ndogo sasa, ya koo moja tu, ikasema nyuma yake:

"Jibu. Mji umepata. Toa jibu."

Angeweza kukaa kimya. Lakini mchezo usiofungwa ndio uliowafikisha pale.

"Kizingiti," alisema bila kugeuka.

"Kizingiti ni nini?"

Iliuliza kama Chiriku anavyouliza mambo, na hilo likamponza. Akajibu kama anavyomjibu Chiriku, kabla hajafikiri. "Ni pale pa kuvuka mlangoni. Ndipo panaposema huku ni ndani. Mahema hayana. Ukivuka ukatoka, kisha ukavuka ukarudi, basi umefika kwako."

Nyuma yake kitu kilivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyeelewa.

Mumewe aliporudi alikuwa na patasi. "Leo leo," alisema, "nakivunja hiki kizingiti."

"Ukikigusa," alisema mkewe, "nakuvunja wewe." Akacheka, akaona yeye hacheki, akaiweka patasi juu ya kabati. Kitanda kilitengenezwa, kikawekwa mahali pake, na kila asubuhi Mama Chiriku aliinama na ufagio kuangalia alama nne, na miguu ilikuwa juu ya alama zake. Chiriku alianza kulala mchana kama watoto wengine. Mama Cherehani akatangaza safu nzima kwamba jini limepigwa kwa mdomo, na kwamba kwa familia ile hakushangaa.

Kisha siku moja Mama Chiriku alikuwa anaanika nguo, upepo ukalaza majani, akaona.

Chini ya tuta, pale kilipoangukia kitanda, taruma kuukuu lilikuwa limelazwa. Jeusi, limeoza kingo, matundu ya misumari bado yapo. Mtu alikuwa amelinyoosha vizuri, akalishindilia udongo pande zote mbili, kwa uangalifu wa fundi. Nyuma yake hapakuwa na nyumba. Mbele yake hapakuwa na njia. Lakini majani ya pande zote mbili yalikuwa yamekanyagwa, na kwenye udongo mwekundu kulikuwa na nyayo, pana, peku, nyingi, zinazovuka kwenda.

Na zinazovuka kurudi.

"Hawahami tena, mama," alisema Chiriku aliyemfuata, ameshika sketi yake. "Sasa ni majirani."

Siku hiyo, jua likiwa utosini, mtu alisimama mbele ya mlango wao. Hakuingia. Hakujikwaa. Aliita kwa adabu, kama jirani mwema aliyefunzwa kwao, kwa sauti ya watu wengi katika koo moja:

"Hodi."

Mama Chiriku aliziba mdomo wa Chiriku, akaziba na wake. Ile sauti ikangoja. Ikaondoka. Kesho yake ikaja tena, na kesho yake, haikasiriki, haichoki, inaita mara moja tu na kungoja. Katika nyumba ile hodi ya mchana haijibiwi. Chiriku ameelewa, amekuwa msichana wa kunyamaza, inatia huruma. Baba ameelewa. Hata Mama Cherehani siku hizi akija anapiga kelele kutoka barabarani kwamba ni yeye na tumbo lake.

Lakini Bonge ameanza kusema. Alianza na mama, akaja na maji. Hufundishwi neno, unaliokota kwa wakubwa, na kuna neno ambalo wageni wa asubuhi na wa jioni wanajibiwa kila siku mbele yake. Mchana huu mama yake alikuwa amezamisha mikono kwenye beseni la nguo aliposikia ile hodi mlangoni, na baada yake, palepale chini, vijikono vikipiga makofi juu ya saruji ya kizingiti, na sauti ndogo yenye furaha ikihangaika kulipata neno lake:

"Ka," alisema Bonge. "Kaa-ri..."

Na mama yake akaanza kukimbia.